Kabla Hasira Haijapoa

Miaka niliyofundisha Kiingereza Mbalizi nilikuwa na ugomvi usiokwisha na wanafunzi wangu. Walitaka kila neno la Kiingereza liwe na neno lake moja la Kiswahili, kama kufuli na ufunguo wake. Nikiwaambia yapo maneno mawili yanayokaribiana maana lakini hayafanyi kazi moja, walinuna. Siku tulipokutana na "murder" na "manslaughter" kitabuni, kijana mmoja wa nyuma aliinua mkono. "Madam, si yote ni kuua?" Nikamjibu kwamba ndiyo, yote ni kuua, na marehemu hataona tofauti, ila aliyeua ataiona. Darasa zima likacheka, nami nikajiona mwalimu hodari.

Siku hizi sifundishi. Nimerudi kwetu Iringa, na Mahakama Kuu ikipata shahidi ambaye Kiswahili kinampa taabu huniita nimtafsirie kutoka Kihehe. Maneno yale mawili nimeyakuta huko tena, na huko hakuna anayecheka. La kwanza ni kuua kwa kukusudia: ulipanga, au ulipata nafasi ya kutulia na kufikiri, na bado ukaua. Adhabu yake ni kunyongwa, na jaji hana pengine pa kuchagua. La pili ni kuua bila kukusudia, na humo sheria imemwekea nafasi mtu aliyechokozwa ghafla, akapiga papo hapo kabla hasira haijapoa. Huyo hanyongwi. Hufungwa, na akipata jaji mwenye huruma anaweza kutoka akiwa bado na nguvu za kulima.

Kwa maneno mengine, hasira, kitu ambacho majumbani kwetu tunafundishwa kukionea aibu, kwa sheria hii tuliyoachiwa na Waingereza ndicho kinachookoa shingo ya mtu. Mimi nilikuwa nalijua jambo hilo tangu niliposhika kitabu kitakatifu kuapa kutafsiri kesi hii. Yusta hakulijua, na wala hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia.

Yusta ndiye aliyewazaa wote wawili: Liberatus aliyeuawa, na mdogo wake Aroni aliyeshtakiwa kumuua. Wanatoka kijiji kimoja juu ya Ilula, wakulima wa nyanya, na mashamba yao yananyweshwa na mfereji mmoja kwa zamu. Wanaosema damu ni nzito kuliko maji hawajalima nyanya Ilula wakati wa kiangazi. Siku ile zamu ilikuwa ya Aroni. Alipofika na jembe lake kufungua maji, alikuta kaka yake ameyageuzia kwake tangu alfajiri, na miche yake yeye imelala chini. Wakatukanana. Masika ya mwaka ule Aroni na mkewe walikuwa wamemzika mtoto wao wa pekee, na Liberatus, katika kutafuta neno la kuumiza, akalichukua hilo. Alimwambia: "Hizo nyanya unamlimia nani? Unampelekea kaburini?"

Aroni alimpiga kwa mgongo wa jembe lile lile alilokuja nalo. Lilikuwa pigo moja. Jirani yao Kasian, aliyekimbilia kelele, alimkuta ameketi ndani ya mfereji, kichwa cha kaka yake kipo mapajani mwake, anakiosha kwa yale maji waliyoyagombea.

Hayo yote Aroni aliyaeleza polisi mwenyewe, na maelezo yake yalisomwa mahakamani siku ya kwanza, neno kwa neno. Yusta hakuyasikia. Alikuwa nje kwenye benchi, kwa sababu shahidi ambaye hajatoa ushahidi haruhusiwi kusikiliza wengine.

Wakili wa Aroni, aliyepangiwa kesi na mahakama, alikuwa Masuma Dawood, binti wa mwenye duka la vitambaa pale karibu na soko. Amezaliwa Iringa, amekulia Iringa, Kihehe anakisikia vizuri ingawa akikiongea anachapia. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja wakati wa mapumziko.

"Dada Blandina, huyu hanyongwi," aliniambia, amechangamka. "Uchokozi upo. Pigo moja. Jembe alikuwa nalo tangu mwanzo, hakulifuata. Kilichobaki ni mtu mmoja tu aseme kwamba siku ile Aroni alikuwa amewaka. Na bahati nzuri Serikali wenyewe wanamleta mama yake, ndiye aliyeutambua mwili. Nitamuuliza swali moja tu nikae."

"Umeshaongea naye?"

"Niongee naye wapi, dada? Si shahidi wangu. Nikionekana nimemsogelea wataniambia namfundisha uongo."

Alikuwa na haki. Asubuhi ya ushahidi nilimkuta Yusta kwenye benchi la barazani, mwembamba, sweta la kijivu juu ya kanga nyeusi, miguu imefungwa pamoja kama mgeni asiyetaka kuchukua nafasi. "Kamwene, mama," nikamwamkia, nikakaa kando yake. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mkwewe aliyebaki na watoto wa marehemu. Kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu mwanzo.

"Wataniuliza nini, mwanangu? Niseme nini wamwache huyu mmoja niliyebaki naye?"

"Sema ukweli, mama. Zaidi ya hapo siruhusiwi kukuambia."

Akatikisa kichwa. Alisikitika, nikaona, kwamba mtoto wa Kihehe mwenzake anamjibu kama ofisi.

Ndipo akapita Afande Ngonyani, askari wa pale mahakamani. Ngonyani ni Mngoni wa Songea, mtani wetu kabisa, na hapitwi na Mhehe bila kumchokoza. "Ee, leo Wahehe mmejaa! Jamani ficheni kamba zote, hawa wakikasirika hawakawii kujining'iniza." Watu wakacheka barazani. Nami nikacheka, nikamwambia anyamaze, mtumwa gani huyo anayesema mbele ya mabwana zake. Ndivyo tulivyo, babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia maneno. Hata msibani mtani ana haki ya kufanya mzaha wakati wengine wanalia. Kwa hiyo Ngonyani hakuona ubaya kumgeukia Yusta. Kwanza alimpa pole, akamshika mkono kwa mikono miwili. Halafu akasema: "Ila mama, hizi hasira zenu, mnawanyonyesha watoto pamoja na maziwa?"

Yusta alitabasamu, kwa sababu mtani hanuniwi. Ngonyani alipokwisha kwenda zake tabasamu likaondoka.

"Umesikia," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ndivyo watakavyosema humo ndani. Kwamba nimezaa mnyama."

"Ni utani tu, mama."

"Baba yao alikuwa na hasira." Alikunja mkono wa sweta akanionyesha mkono wa kushoto, mfupa uliounga vibaya. "Huu ni wake. Nikaapa wanangu hawatakuwa hivyo. Nikawafundisha tangu wadogo: ukikasirika, acha, rudi nyumbani. Kula kwanza. Ukishakula ndipo useme. Mtu mwenye hasira hali, na aliyekula hana hasira tena." Akaushusha mkono wa sweta. "Niliwafundisha vizuri. Kila mtu kule anajua."

Wakamwita jina. Nilimsindikiza kizimbani, nikasimama kando yake.

Wakili wa Serikali hakuwa na mengi. Yusta alieleza alivyoutambua mwili, akaeleza kwamba wanawe walikuwa wakigombania maji. Masuma akasimama, akarekebisha ushungi wake, akauliza lile swali lake moja.

"Mama, siku ile Aroni alikuwa na hasira?"

Nikamtafsiria. Yusta akanyoosha mgongo.

"Hapana. Mwanangu hana hasira."

Masuma alisita. Angekaa pale pale, labda ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini ni kijana, na alikuwa na hakika mama hajamwelewa. "Lakini walikuwa wamegombana mferejini, mama? Walitukanana?"

"Walitukanana, ndiyo. Kisha Aroni akaacha, akarudi nyumbani. Nikampa ugali na majani ya maboga. Akala taratibu, akamaliza. Akanawa. Akanishukuru kwa chakula, kama nilivyomfundisha. Hasira zilikuwa zimekwisha kabisa. Ndipo akachukua jembe akarudi shambani."

Alisema hayo kwa Kihehe kizuri, cha utaratibu, sentensi baada ya sentensi, akiniachia nafasi ya kutafsiri kama aliyekuwa ameifanya kazi hiyo maisha yake yote. Na kila sentensi niliiona inakokwenda. Jembe ambalo Aroni alikuwa nalo tangu mwanzo, mama yake alikuwa amelirudisha nyumbani ili akalichukue upya. Hasira iliyopaswa kumwokoa, ameipoza kwa ugali. Nilihisi hasira yangu mwenyewe, sijui nilimkasirikia nani. Lakini nilikuwa nimekula kiapo, na nusu ya watu waliokaa nyuma yangu walikuwa Wahehe wenye masikio. Nikatafsiri. Akala taratibu, nikasema. Akanawa.

Jaji aliandika yote.

Nilimtazama Aroni. Siku zote alikuwa amekaa na kichwa chini. Sasa alikuwa amekiinua anamtazama mama yake, na hakuwa na uso wa mtu aliyesalitiwa. Alikuwa anasikiliza kwa makini, kama mtu anayesimuliwa jambo zuri ambalo hakupata kulifanya. Hapo nikajua bila kuambiwa na mtu kwamba hakukuwa na ugali wowote. Yusta alikuwa amemsimulia jaji yule Aroni aliyemlea, yule ambaye siku ile angeliacha jembe na kurudi nyumbani.

Wakili wa Serikali aliruka kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Kwa hiyo, mama, alipolichukua jembe alikuwa ametulia?"

"Ametulia kabisa."

Alipokuwa anashuka kizimbani alimwangalia mwanawe kama mama anavyomwangalia mtoto aliyemwogesha na kumvika nguo za kanisani. Aliridhika. Barazani aliniuliza kama nimeyasema maneno yake yote, nikamwambia nimeyasema yote. Akanishukuru.

Aroni alipopanda kujitetea, Masuma hakuzunguka.

"Kabla ya kumpiga marehemu, ulirudi nyumbani?"

Aroni anajua Kiswahili, hakunihitaji. Aligeuza macho upande wa watu. Mama yake sasa alikuwa ndani, amekaa benchi la mbele, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa umekwisha.

"Nijibu," Masuma akasema. "Polisi uliwaambia hukurudi. Uliwaambia ulimpiga pale pale, na jembe ulilokuwa nalo. Ni kweli au si kweli?"

"Mama amekwisha sema."

"Nakuuliza wewe, siyo mama."

"Wakili, unataka nisimame hapa mbele za watu niseme mama yangu ni mwongo?" Sauti yake haikupanda. "Nimemuua mwanawe mmoja. Sasa na yeye nimtie aibu? Kama amesema nilikula, nilikula."

Masuma alimsihi kwa maneno ya sheria na maneno ya kawaida. Aliomba muda wa kuongea naye faraghani, akapewa, akarudi macho mekundu. Jibu lilikuwa lile lile.

Siku ya hukumu kulikuwa na ubaridi ule wa Iringa wa Julai, watu wamejikunyata hata ndani. Jaji alisoma muhtasari kwa Kiswahili, nami nikawa namnong'oneza Yusta kwa Kihehe. Alisema amepima maelezo ya mshtakiwa aliyoyatoa polisi na ushahidi wa mama yake, na anauamini wa mama, kwa kuwa mama hana sababu yoyote ya kumkandamiza mwanawe wa pekee aliyesalia. Alisema mtu aliyeacha ugomvi, akaketi, akala, akanawa na kushukuru, hasira yake ilikwisha poa. Alisema mtu huyo alipolichukua jembe na kurudi, alirudi kwa kusudi. Halafu akasema Aroni atanyongwa hadi kufa.

Najua, ni miaka mingi mnyongaji hajaitwa kazini nchini. Watu huniambia hivyo wakidhani wananifariji. Wawaulize walio kwenye vyumba vile jinsi wanavyolala.

Yusta alinishika mkono wa blauzi. "Umetafsiri vibaya."

"Hapana, mama."

"Umekosea. Mwambie arudie. Mimi nilisema hakuwa na hasira."

Watu walikuwa wanasimama, jaji anatoka. Nilimtoa nje, nikamketisha kwenye ngazi palipokuwa na jua kidogo. Kesi imekwisha, hakuna tena aliyenizuia kusema, na nikaona ni dhambi huyu mama arudi Ilula akiamini kwamba kosa ni la tafsiri. Nikamweleza yale maneno mawili. Nilifundisha Kiingereza miaka mingi na sijawahi kueleza maneno kwa shida kama siku ile. Nilimwambia wazungu wana neno la aliyeua ametulia na neno la aliyeua amewaka, na kwamba wa kwanza hunyongwa na wa pili hufungwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Yaani mwenye hasira ndiye wanayemhurumia?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyelelewa vizuri ndiye wanayemuua."

Aliangalia mkono wake wa kushoto, ule uliovunjwa na mumewe. Kisha akasimama ghafla, kanga ikamwanguka begani, akakimbia kuelekea nyuma ya jengo ambako karandinga la magereza lilikuwa limekwisha washwa injini. Sikudhani mama wa umri ule anaweza kukimbia hivyo. Nikamfuata, na Masuma, aliyekuwa mlangoni na mafaili yake, akatufuata.

Aroni alikuwa amekwisha pakiwa. Uso wake ulionekana nyuma ya nondo. Yusta alishika wavu wa gari kwa mikono miwili, akapiga kelele kwa Kihehe mpaka watu wakageuka.

"Anasemaje mama?" Afande Ngonyani akaniuliza. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa gari, na uso wake haukuwa na utani hata kidogo.

"Anasema alidanganya," nikatafsiri. "Anasema Aroni hakuja nyumbani siku ile. Hakula. Jembe alikuwa nalo. Anasema alikuwa amewaka, kama baba yake."

Masuma akanishika bega, anahema. "Hiyo naitaka. Hiyo nitakwenda nayo rufaa. Lakini, dada, mweleze na lingine asije akanilaumu. Alisema yale chini ya kiapo. Akikiri ni uongo, wanaweza kumshtaki yeye. Anaweza kufungwa." Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti, na Aroni alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu.

Nikamweleza Yusta.

"Wanifunge," akasema. "Waniweke humo alimo yeye, wamtoe. Aroni, mwanangu, waambie! Waambie hukula!"

Injini iliunguruma. Aroni alisogea karibu na nondo, akamtazama mama yake chini pale, kanga inaburuta vumbini. Alisema maneno machache kwa Kihehe, taratibu, kwa heshima, kama mtoto anayeinuka kutoka kwenye mkeka. Mikono ya Yusta ikateleza kutoka kwenye wavu. Akakaa chini.

Masuma alikuwa ameyasikia na kuyaelewa, akageuka akaegemea ukuta. Ngonyani hakuwa ameelewa. Alinitazama mimi, na mkono wake bado uko kwenye kitasa.

"Na yeye amesemaje?"

"Amesema alikula, akashiba," nikatafsiri. "Anamshukuru mama yake kwa chakula."